Johannes Rebmann na Safari ya Masika

Masika yameingia huku kwetu Arusha. Tangu juma lililopita mlima Meru umeonekana kutoka Kaloleni mara moja tu, alfajiri, kisha wingu likashuka tena mpaka miguuni mwake. Njia za mlimani zimekuwa utelezi mtupu. Mwinjilisti mmoja wa mtaa wa juu aliniletea barua ya kuomba radhi, kwa kuwa hakuweza kushuka kuja mkutanoni. Kijito kilifurika na daraja la magogo likachukuliwa. Sikumlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe nimeanguka katika njia ile, tena si mara moja, na nguo zangu zilikuwa shahidi mbele ya usharika mzima.

Barua ile ilinikumbusha habari za mtu ambaye jina lake mnalijua wote. Tangu utotoni twafundishwa kwamba Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na kwa wengi habari zake huishia hapo, kana kwamba alitazama juu siku moja akaenda zake. Lakini alikwenda mlimani mara tatu, na safari ya tatu, aliyoifanya katikati ya masika, haikumpa sifa yo yote. Kwa sababu hiyo husimuliwa kwa haraka. Mimi napenda kuisimulia polepole.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika nchi ya Württemberg huko Ujerumani. Watu wa kwao walikuwa wakulima, walima mizabibu. Alipokuwa kijana aliingia chuo cha misioni cha Basel, na baadaye akapelekwa Uingereza, maana Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza kilikuwa na upungufu wa watu wake wenyewe, kikawachukua vijana wengi wa Basel. Mwaka 1845 akawekewa mikono, na mwezi wa Juni 1846 akashuka Mombasa.

Aliyempokea ni Ludwig Krapf, naye mtu wa Württemberg, mkubwa wake kwa miaka 10. Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wake mchanga. Hivyo Rebmann aliingia katika nyumba yenye msiba. Hata miezi mitatu haikupita, wote wawili wakashikwa na homa, na wakiwa bado wagonjwa wakahamia Rabai, mwezi wa Agosti 1846, wakipokezana punda mmoja katika kupanda kilima. Rabai si mbali na Kaloleni nyingine, ile ya Wagiriama katika nchi ya Kenya. Wasomaji wetu wasichanganye Kaloleni hiyo na hii yetu.

Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Alitaka mstari wa misioni kutoka bahari ya mashariki hata bahari ya magharibi, na hakupenda kukaa mahali pamoja. Rebmann alikuwa na tabia nyingine. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye kupenda lugha na kuuliza maneno na kuyaandika. Walakini safari za kwanza za barani ziliangukia kwake. Mwezi wa Oktoba 1847 alikwenda Kasigau katika nchi ya Wataita, na tarehe 27 Aprili 1848 akaondoka Rabai kwenda Uchagga.

Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezoea kuongoza misafara ya barani na kuzijua njia pamoja na hongo zake. Wapagazi walikuwa wachache. Rebmann mwenyewe hakuchukua silaha, ila mwavuli tu. Huko Mombasa alikuwa ameonywa asithubutu kuupanda mlima ule, maana una majini, na watu waliopanda zamani walikufa au wakarudi vilema. Tusiyacheke maneno haya. Walioyasema walikuwa wameona vilema kwa macho yao. Kilichokosekana ni jina la kitu kilichowalemaza.

Tarehe 11 Mei 1848, asubuhi yapata saa nne, wakiwa katika nyika kati ya Taita na Taveta, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima mmoja mrefu. Mwanzoni alidhani ni wingu. Alimwuliza kiongozi wake ni nini kile, naye Bwana Kheri akamjibu kwamba ni baridi tu. Neno hili nimelifikiri sana. Mtu wa pwani hakuwa na haja ya neno theluji katika maisha yake ya kila siku. Alijua kwamba mahali pale pana baridi, akaupa weupe ule jina la baridi yake. Wala hakukosea. Rebmann, aliyekulia katika nchi ambayo kila mwaka huanguka theluji, alitambua mara moja. Akaketi chini, akafungua Biblia yake ya Kiingereza, akasoma Zaburi ya 111.

Labda mwanafunzi mmoja ataniuliza jinsi theluji inavyoweza kukaa karibu na mstari wa ikweta. Jibu lake ni rahisi. Mtu akipanda juu mita 1,000, joto hupungua yapata nyuzi 6. Kilele cha Kibo kina mita 5,895. Basi pwani ikiwa na joto la nyuzi 27, huko juu ni chini ya kiwango cha maji kuganda. Hesabu hii leo inafundishwa shuleni. Mwaka 1848 ilijulikana pia na wenye elimu, lakini wengine wao hawakutaka kuitumia kwa Afrika, kama tutakavyoona.

Rebmann alifika Kilema, akapokewa na Mangi Masaki. Wakafanya urafiki kwa desturi ya Wachagga: kondoo alichinjwa, na kipande cha ngozi yake kikavikwa kidoleni. Akakaa siku kadhaa, akasema habari za Injili kadiri alivyoweza, akarudi Rabai tarehe 11 Juni.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule akaondoka tena. Safari hii hakuishia Kilema, bali alipita kando ya mlima mpaka Machame, kwa Mangi Mamkinga. Ye yote aliyepita sehemu zile kwa miguu anajua maana yake. Leo gari hupita chini, katika barabara ya lami, na abiria husinzia. Lakini mwenye kupita juu, katika migomba, hukutana na korongo baada ya korongo. Kuna Mue, kuna Rau, kuna Karanga, kuna Weruweru, na vijito vingi katikati. Kila kimoja kimechimba bonde lake, na kila bonde mtu hulishuka akishika mizizi, hulipanda akishika majani. Rebmann aliona maji yale yalivyo baridi, akajua yatoka wapi. Aliona pia, usiku wa mbalamwezi, jinsi mlima ulivyong'aa. Akaviona vilele viwili, Kibo na Mawenzi, na uwanda ulio kati yao.

Huko alisikia habari ambayo naiona kuwa ya thamani kuliko mabishano yote ya wataalamu. Wachagga walisimulia kwamba mangi mmoja wa zamani wa Machame aliutazama weupe wa Kibo akadhani ni fedha, akatuma kundi la watu kuileta. Wakafa karibu wote kwa baridi. Mmoja aliyerudi hai aliitwa Sabaya, naye mikono yake na miguu yake iliharibika kabisa. Wengine walisema kwamba ile fedha iliyotiwa chupani ilipofika chini ilionekana kuwa maji matupu. Basi watu wa mlima walikwisha kuipima theluji ile kwa miili yao kabla ya Mzungu ye yote kuiandika. Nikisoma mahali kwamba Rebmann aliuvumbua Kilimanjaro, humkumbuka Sabaya.

Mangi Mamkinga alimpokea mgeni wake vizuri, akamwahidi kumsaidia kupita kwenda mbele, hata Unyamwezi. Rebmann aliamini. Akarudi Rabai mwezi wa Februari 1849, na miezi miwili haikutimia akaondoka kwa mara ya tatu, tarehe 6 Aprili, pamoja na wapagazi 30, wamechukua merikani na shanga za kutosha safari ndefu.

Hapa ndipo masika yanapoingia katika habari hii. Kwa nini mtu mwenye akili aondoke mwezi wa Aprili? Nadhani sababu ni nyika ya Taru. Katika kiangazi nyika ile haina maji, na msafara wa watu wengi waweza kuangamia ndani yake. Wakati wa mvua ngurunga za mwambani hujaa, na watu hunywa. Lakini mvua ile ile inayomwokoa msafiri nyikani humngojea mlimani kama mdai. Upande wa kusini wa Kilimanjaro, msitu wa juu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka katika miezi ya Machi, Aprili na Mei. Udongo ni laini na mwekundu, nao ukilowa hushika mguu au kuutupa. Vijito ambavyo mtoto aliviruka mwezi wa Februari hunguruma. Ukungu hushuka, mtu haoni mwenzake aliye hatua kumi mbele. Kuni hazishiki moto. Mzigo wa nguo ukinywa maji huwa mzito, na mpagazi aliyekubaliana kubeba uzani fulani hujikuta anabeba zaidi kwa ujira ule ule. Mwavuli mmoja hausaidii watu thelathini.

Rebmann alifika Machame, na Mangi Mamkinga akabadilika. Kwanza aliomba zawadi. Kisha akaomba tena. Siku zikapita, mvua ikanyesha, ruhusa ya kwenda mbele haikutolewa, na kila siku mzigo mmoja ulifunguliwa. Merikani ikaenda, shanga zikaenda, hata vitu vilivyowekwa kwa ajili ya Unyamwezi vikamalizika pale pale. Rebmann alikuwa katika kibanda kibaya, ameshikwa na homa na kuhara damu. Alipoelewa kwamba safari imekwisha, alilia machozi mbele ya mangi. Akaulizwa sababu. Akaeleza kwamba halii kwa ajili ya mali. Analia kwa kuwa vitu vile vilitolewa na watu wema wa kwao ili Neno la Mungu lifike mbali, na sasa halitafika.

Wengi wanaosimulia habari hii humwita Mamkinga mnyang'anyi. Sisi wana wa milimani tusiseme haraka. Mangi wa siku zile aliishi kwa kugawa. Kila mkubwa, kila ndugu, kila askari alitazama mkono wake. Mgeni mwenye mizigo 30 ya nguo alipita mbele ya nyumba yake akisema kwamba mizigo ile ni ya watu wengine walio mbali. Ni mangi gani angeiacha ipite, aje alaumiwe na watu wake? Tena adui zake walikuwa karibu, ng'ambo ya korongo. Simtetei; aliahidi, na hakuitimiza ahadi yake. Lakini nadhani kosa la kwanza lilikuwa kumwambia mangi, katika safari ya pili, kwamba njia yake ni daraja tu la kufikia nchi nyingine. Mtu hapendi nyumba yake ifanywe daraja.

Hata kuaga kulikuwa na gharama. Desturi ilikuwa kumtemea mate anayeondoka, kumbariki aende kwa amani, na baraka ile ilidaiwa malipo. Rebmann hakuwa na kitu kilichobaki. Akashuka mlima katika mvua, mgonjwa, pamoja na watu ambao hakuwa na hakika ya kuwalisha njiani, na tarehe 27 Juni 1849 akaingia Rabai. Hakurudi Uchagga tena maisha yake yote.

Wakati huo huo habari za safari ya kwanza zilikuwa zimechapishwa London, mwezi wa Mei 1849, katika gazeti la chama chake. Wataalamu wengine walifurahi. Lakini mmoja, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuja Afrika ya Mashariki, alikana kabisa. Alikuwa amekusanya habari za bara letu kutoka vitabu na kutoka vinywa vya wasafiri, akajichorea ramani yake, na katika ramani ile hapakuwa na nafasi ya theluji. Akaandika kwamba misionari yule ana macho mabovu na mawazo mengi, na mwaka 1852 akarudia maneno yake katika kitabu. Krapf naye, aliyeuona mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, alitiwa katika dhihaka hiyo hiyo.

Mabishano yalidumu zaidi ya miaka 10. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alifika mlimani, na mwaka 1862 akarudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Cooley hakukubali hata hapo. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipokanyaga kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, Cooley alikuwa amekwisha kufa, na Rebmann pia. Leo barafu ile imepungua mno. Zaidi ya robo tatu ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imeyeyuka, na watoto wetu huenda wakahitaji ushahidi wa Rebmann kwa namna nyingine.

Na Rebmann je, baada ya 1849? Alikaa Rabai. Mwaka 1851 alioa huko Misri, mkewe akiitwa Emma. Mtoto wao mmoja alikufa mchanga. Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya afya yake, na wenzake wengine walikufa au waliondoka. Pamoja na Jakob Erhardt, Rebmann alikusanya habari za wafanya biashara juu ya ziwa kubwa la bara, na kutoka habari hizo ikachorwa ramani ya mwaka 1856 yenye ziwa moja kubwa mno, la umbo la konokono asiye na kombe. Ramani ilikosea, maana maziwa ni matatu. Lakini kwa ajili yake Burton na Speke walitumwa mwaka 1856 kwenda kutazama, na kabla ya kuondoka pwani walimtembelea Rebmann wakamtaka aende nao. Hakwenda. Nadhani mtu aliyelia Machame alijua sasa kazi yake iko wapi.

Kazi hiyo ilikuwa maneno. Alikuwapo mtumwa mmoja, Salimini, mtu wa nchi za Ziwa Nyasa aliyeletwa pwani katika biashara ile mbaya. Rebmann alikaa naye miaka, akimwuliza neno moja moja la Kinyasa na kuliandika. Aliandika pia maneno ya Kirabai, akaitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Wakristo walikuwa wachache sana, wa kuhesabika kwa vidole katika miaka ya kwanza. Wageni waliopita walimwona ni mzee aliyesahauliwa, akilima na kusoma. Mwaka 1866 mkewe akafa. Macho yake, yale yale ambayo Cooley aliyadharau bila kuyaona, yakaanza kufa nayo kidogo kidogo, mpaka akawa kipofu.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kuiona nchi yake, aliondoka. Aliyemshika mkono katika safari ile ni Isaac Nyondo, kijana Mkristo wa Rabai. Wakafika Ulaya, na Rebmann akaenda kukaa Korntal, karibu na Krapf. Hivyo wale wawili waliopokezana punda wakakaa tena mji mmoja, mmoja akiona na mmoja haoni. Rebmann alioa mara ya pili, mjane aliyemtunza, akafa kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 4 Oktoba 1876. Ana umri wa miaka 56 tu.

Injili ya Luka ilichapishwa mwaka ule ule wa kufa kwake. Huko Machame, mahali alipoishiwa mizigo, wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893 wakajenga, na wenyeji walibatizwa mara ya kwanza mwaka 1898. Maneno ya Salimini yalibaki katika karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Krapf akazikusanya, akazitengeneza, na kamusi ya Kinyasa ikatoka mwaka 1877, yenye jina la rafiki yake juu yake.